Nanenane na Lister iliyokunywa maji ya Rufiji

Kwa wiki sita mfululizo mjomba alikuwa akiloweka pistoni iliyoganda ya injini yake ya dizeli kwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili. Kila alfajiri akienda na tochi anakuta mafuta yametulia vilevile, hayajashuka hata unywele. Ilipoingia wiki ya saba akakuta yamepungua upana wa kidole. Akanipigia simu Dar es Salaam kabla jua halijatoka.

"Mpwa wangu, Nanenane njoo. Imeanza kunywa."

Nanenane ya mwaka 2025 iliangukia Ijumaa, kwa hiyo sisi tuliomo kwenye ajira tulipata siku tatu za mapumziko. Wengine walikwenda kwenye maonyesho ya wakulima kutazama matrekta mapya. Mimi nilipanda basi Mbagala Rangi Tatu Alhamisi jioni, nikiwa na mfuko wa vitu alivyoniagiza: kopo la dawa ya kusagia valvu, oili lita tano, waya laini wa risasi wanaoutumia mafundi redio, na paketi moja ya nyembe. Nilimuuliza nyembe za nini. Akasema nitaiona kazi yake nikifika.

Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, halafu Daraja la Mkapa. Kila nikipita pale hufungua dirisha nisikie mto. Daraja lina urefu wa mita 970 na lilifunguliwa mwaka 2003. Aliyezaliwa baada ya hapo akisikia Ndundu hashtuki. Sisi tunashtuka. Ndundu ndipo pantoni ilipokuwa ikivusha magari, na masika yakikolea wasafiri wa kusini walilala pale siku kadhaa, lori nyuma ya lori, wakisubiri mto utulie. Chumbi, kwa mjomba, iko ng'ambo ile ya kusini. Kwa fundi wa Chumbi wa miaka hiyo, duka la spea la Kariakoo lilikuwa mbali kama Ulaya. Naamini ufundi wa mjomba ulizaliwa katika kusubiri huko. Gasketi ya mashine ya kusaga ikichanika, aliikata nyingine kwenye boksi la sabuni akailoweka kwenye oili. Mkanda ukikatika, aliushona kwa kamba ya ngozi. Kesho yake watu walikula ugali.

Injini yenyewe ni Lister CS ya silinda moja, ile ambayo huku kwetu huitwa Lista. Nguvu za farasi 6, mizunguko 650 kwa dakika, magurudumu mawili mazito ya chuma, moja kila ubavu. Uzito wake unapita kilo 300. Robert Ashton Lister alianzisha kiwanda chake katika mji mdogo wa Dursley, Uingereza, mwaka 1867, akitengeneza zana za wakulima. Dizeli ya kwanza ya kampuni hiyo ilitoka mwaka 1929, na aina hii ya CS ikaendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1980. Herufi hizo mbili zinamaanisha kwamba inawaka ikiwa baridi: haitaki kupashwa moto kichwani kwa taa kwanza, kama zilivyotaka injini nyingi za mafuta mazito zilizoitangulia. Ilivuta maji, iliwasha taa za hospitali na misheni, na kwetu zaidi ya yote ilisaga. Wahindi waliipenda hata viwanda vya Rajkot, huko Gujarat, vikaanza kutoa nakala zake, na nakala hizo zikamwagika Afrika Mashariki. Nyingine nzuri, nyingine zikifika zingali na mchanga wa kalibu tumboni.

Hii ni ya Dursley. Kibati chake cha shaba kinasema hivyo, na mjomba anakisugua kwa limao na majivu mpaka kila herufi isomeke.

Aliiendesha tangu ujana wake, lakini haikuwa yake. Ilikuwa ya tajiri mmoja wa bondeni. Ikaja Aprili 2024, mafuriko yale yaliyofunika mashamba, nyumba na barabara za Rufiji na Kibiti, na maji yakapanda mpaka juu ya tenki la dizeli. Yalipokauka, tajiri alinunua injini nyingine ya Kichina, ile ya zamani akaiacha uani. Ikaota kutu mwaka mzima. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa ameshaleta mizani mjomba aliposikia. Alilipa bei ileile ya kilo kwa kilo, akakodi pawatila, akaipandisha kwake.

Ijumaa asubuhi tulianza baada ya chai. Tulikuwa watatu: mjomba, mimi, na mjukuu wake wa darasa la sita, aliyepewa kazi ya kushika gurudumu. Silinda hedi ilikuwa imeshafunguliwa zamani, imelala juu ya gunia. Mjomba akasimamisha kipande cha mkoko mkavu juu ya pistoni, akachukua nyundo. Nilitegemea kishindo. Lakini alikuwa anagonga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Anagonga mara tatu, anasikiliza, anaweka kiganja kwenye silinda. Anagonga tena. Sauti ilikuwa ti, ti, ti, kavu, ya chuma kilichoshikana na chuma. Sijui alirudia mara ngapi. Chai ilikuwa imeshapoa. Halafu ikatoka du.

"Babu, limesogea!" mtoto akapiga kelele.

"Limesogea kiasi gani?"

"Kama punje ya mchele."

"Inatosha. Chuma kikikubali punje kitakubali gunia."

Kufikia saa nne pistoni ilikuwa juu, mikononi mwetu. Ringi mbili zilikuwa zimegandia kwenye mifereji yake, zikaoshwa kwa mafuta ya taa mpaka zikacheza. Tulipofungua kifuniko cha chini, Rufiji ilikuwa bado imo. Tope la kijivu, laini, limekaa kwa tabaka, juu yake mstari mwembamba wa kahawia ambao zamani ulikuwa oili. Chini ya konrodi kuna kijiko kidogo kinachochota oili na kuirusha juu kila mzunguko. Ndiyo pampu yote ya oili ya injini ile, kijiko tu. Kilikuwa kimezikwa. Tulisuuza kwa dizeli mara tatu, na mara ya tatu mjomba aliingiza mkono mtupu, akapapasa kila pembe akiwa amefumba macho. Akatoa kokwa ya embe. Sijui mto uliipitishia wapi.

Kazi iliyonikaa moyoni ni ya valvu. Fundi huita kusaga valvu, na ni kusaga kweli. Unapaka dawa, ambayo ni uji wa mchanga laini na mafuta, kwenye ukingo wa valvu, unairudisha kwenye kiti chake, unaishika kwa kijiti chenye mpira wa kunyonya, halafu unakizungusha kati ya viganja, kwenda na kurudi, kama watu wa zamani walivyopekecha moto. Kila baada ya muda unainyanyua, unaigeuza kidogo, unaendelea. Mwanzoni inakwaruza. Baadaye sauti inakuwa nyororo, karibu na sauti ya unga mkavu kwenye chekeche, na hapo ndipo unafuta kwa kitambaa na kutazama. Lazima uone duara la kijivu lisilokatika. Langu lilikatika mahali pamoja. Mjomba hakusema kitu, alinionyesha kwa ukucha, nikaanza upya. Lilipokamilika akaipindua silinda hedi, akamimina mafuta ya taa kwenye tundu la kutolea moshi, tukasubiri kama yatapenya upande wa pili. Hayakupenya.

Kwa nini haya yote? Kwa sababu dizeli haina plagi. Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi barabara mara ya kwanza huko Augsburg mwaka 1897, alitegemea jambo moja: hewa ukiibana sana inapata moto. Ndani ya silinda ile, hewa hubanwa mpaka joto lake lipite nyuzi 500, na dizeli ikinyunyizwa humo inawaka yenyewe. Basi pakivuja popote, kwenye ringi, kwenye valvu, kwenye gasketi, hewa haibanwi, na pasipobanwa hapana moto. Mjomba hajasoma habari za Augsburg. Kauli yake ni kwamba Lister ni pumzi. Ikikosa pumzi ni jiwe.

Gasketi ilikuwa ya shaba nyekundu, ngumu kwa uzee. Aliitia kwenye jiko la mkaa mpaka ikawa nyekundu ya kuiva, akaichovya kwenye ndoo ya maji. Mtoto alishangaa, maana alishamwona mhunzi akifanya vile kulifanya shoka liwe gumu. Shaba ni kinyume chake. Ilitoka majini imelegea kama chapati, ikakunjika kwa vidole.

Adhana ikatukuta hapo. Tukanawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, tukaenda Ijumaa.

Baada ya swala, barazani, habari ilikuwa imeshatutangulia. Kila aliyetusalimia aliuliza inaendeleaje, kama mtu anavyouliza hali ya mgonjwa aliyelazwa. Mama mmoja wa makamo alituambia anaukumbuka mlio wake tangu akiwa msichana. Enzi zile kwenye bomba la moshi palifungwa kopo lililotobolewa, mlio ukawa wa filimbi, unasikika mpaka mashambani kwenye madungu ya kulindia mpunga. Mlio ukianza, maana yake dizeli imepatikana na leo mashine inasaga. "Tulikuwa tunaweka mchi chini hapohapo," alisema. "Mama yangu anaacha mtwango katikati, ananitwika kapu, ananiambia kimbia." Akanionyesha kiganja, mahali pa sugu ya mchi. Wanaoandika historia ya mashine mara nyingi hutazama kiwanda na aliyekibuni. Mimi napenda ianzie kwenye kiganja kile. Kabla ya Lister, unga wa nyumba nzima ulitoka kwenye mabega ya mwanamke, na mara nyingi kabla jua halijachomoza.

Delta ya mto huu wa Rufiji imewahi kuona mtambo mkubwa zaidi ukifunguliwa. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, halafu mtambo wa Königsberg yenyewe ukaharibika. Nahodha Max Looff akaiingiza Rufiji, akaificha katikati ya mikoko. Vipande vilivyovunjika vikapelekwa kwa njia ya nchi kavu mpaka karakana ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita mia moja, vikatengenezwa, vikarudishwa. Mitambo ya meli ile ilikuwa na nguvu za farasi zaidi ya 13,000. Ilitengenezwa ikapona, lakini Waingereza walikuwa wameshaziba midomo ya mto, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamizwa humohumo. Vitabu vinamtaja Looff. Hao waliobeba na kuburuza chuma kile, wenyeji wa nchi hii, vinawataja kwa jumla tu, wapagazi. Nikimtazama mjomba ameinama na spana yake huwa nawafikiria wao. Lazima kati yao palikuwa na mtu aliyetazama kipande alichokibeba akajiuliza kinafanya kazi gani.

Alasiri tulirudisha kila kitu mahali pake, na hapo nikaiona kazi ya vile nilivyoagizwa. Waya wa risasi uliwekwa juu ya pistoni, silinda hedi ikafungwa, gurudumu likazungushwa mara moja kwa mkono, ikafunguliwa tena. Waya ukawa umebanwa bapa, na unene wa ubapa ule ndio nafasi iliyobaki kati ya pistoni na silinda hedi. Ikiwa ndogo mno pistoni itagonga. Ikiwa kubwa mno, pumzi inapotea. Nyembe nazo zilikuwa za kupimia nafasi ya valvu. Wembe mmoja una unene wa karibu sehemu ya kumi ya milimita. Mjomba alizipanga nne, akazipenyeza kati ya roka na mguu wa valvu, akakaza nati mpaka zikateleza kwa shida kidogo. Vipo vipimo vya duka vya kazi hiyo, na anavifahamu. Nyembe zinapatikana Chumbi.

Maji ya kupoza yalikuwa ya mvua, yaliyohifadhiwa tangu masika. Pipa la lita 200 linasimama pembeni na kuunganishwa kwa mipira miwili. Maji yakipata moto yanapanda yenyewe kwa mpira wa juu, ya baridi yanaingia kwa mpira wa chini, bila pampu.

Tukiwa tunasubiri dizeli ichujwe kwa kitambaa, nilimwonyesha kwenye simu video za Waingereza wanaozifufua injini kama hii siku zao za mapumziko. Kwao wapo maelfu ya watu wa namna hiyo. Maonyesho makubwa ya Dorset ya mitambo ya mvuke yalianza mwaka 1969, na kwenye viwanja vya aina hiyo utaona Lister zimepangwa, zimepakwa rangi yao ya kijani, zinanguruma mchana kutwa bila kusukuma chochote. Nilidhani mjomba atasema wanapoteza mafuta. Alitazama kimya mpaka mwisho, akaniomba nirudie pale mzee mmoja mwenye mvi alipoinamisha sikio.

"Huyu anasikiliza konrodi," alisema. "Huyu ni fundi."

Sikio hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Injini ya mizunguko 650 huwaka mara moja kila mizunguko miwili, yaani mara 325 kwa dakika, mapigo matano na ushee kwa sekunde. Sikio linaweza kuyafuata, pigo baada ya pigo, na likasikia lile lililokosea. Dizeli ndogo za Kichina zilizojaa sokoni siku hizi, zile za nguvu za farasi 12, huzunguka kama mara 2,000 kwa dakika. Hizo ni kama mapigo 17 kwa sekunde, na sikio linapata mngurumo mmoja tu. Ni injini nzuri, nyepesi, rahisi kununua, na zimelisha vijiji vingi. Lakini haziwezi kumfundisha mtu kusikiliza. Lister ilizaa vizazi vya mafundi wasiokanyaga darasa la ufundi kwa sababu iliongea polepole, na ilifunguka kwa spana chache. Mafundi hao sasa wana miaka sabini na kuendelea. Vyuo vyetu vya ufundi stadi vina walimu na vifaa. Natamani sana kila kimoja kiwe na Lister moja uani, na mzee mmoja wa kukaa nayo na vijana, kabla mizani ya chuma chakavu haijafika kote.

Mjomba hauchukii umeme. Nguzo zimefika kando ya barabara kuu, na mahindi yake mwenyewe huyasaga kwa kijana mwenye mota. Juu huko, mto huuhuu uliomzamishia injini sasa unazungusha mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, kila mmoja megawati 235. Nilimpigia hesabu: Lister yake inatoa kama kilowati nne na nusu, kwa hiyo zingehitajika zaidi ya 50,000 kufikia mtambo mmoja tu wa bwawani. Akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akauliza, "Na huo, mtu anaufungua mwenyewe?"

Ilikuwa imeshapita saa kumi na moja tulipotoa hewa. Mjomba akalegeza nati ya bomba la dizeli kwenye nozo, nikapampu kwa mkono. Likatoka povu, yakafuata matone, halafu ukatoka mstari mwembamba usio na kipovu hata kimoja. Akakaza. Nilipopampu tena nozo ikalia: krii. Kila mkono ukishuka, krii. Akainua kidole. Huo ndio mlio wa nozo nzima, inayopuliza ukungu na si kutema mate.

Kuwasha Lister kunataka mapatano. Mmoja anashika handeli, mwingine anashika wenzo unaoizuia valvu isifunge, ili gurudumu lipate mwendo bila kubana hewa. Kwanza alinipanga mkono: dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisilizunguke handeli, maana injini ikirusha nyuma huvunja kifundo cha mkono. Nikaanza kuzungusha. Gurudumu lilikuwa zito kama kumburuta ng'ombe asiyetaka, kisha likaanza kwenda lenyewe, kisha likawa linanivuta. "Achia!" Akaangusha wenzo.

Tu. Moshi mweupe, halafu kimya.

Mara ya pili, kimya tangu mwanzo. Akalegeza nati ile tena. Palikuwa na kipovu kimoja kimebaki kwenye bomba. Watu walikuwa wameanza kusogea ukutani, watoto mbele. Mara ya tatu nilizungusha mpaka macho yakaona giza.

Tu. Tu. Tu-tu. Tu-tu-tu-tu.

Moshi mweupe ukageuka wa buluu, ambao ni oili ikiungua, halafu ukafifia. Ardhi ilitetema chini ya kandambili. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walisimama wakisikiliza, na yule mama wa barazani alikuwa ameshika shavu. Mjomba aliinamisha sikio upande wa silinda hedi. "Valvu ya kutolea inagonga kidogo," alisema. "Ikishika joto itanyamaza." Baada ya dakika kumi hivi ikanyamaza.

"Shemeji," mama akamwita, akionyesha kapu la mahindi aliloliweka chini bila sisi kumwona, "leo inasaga?"

"Bado mkanda, dada yangu. Leo inapumua tu. Kesho."

Akaiacha ipumue mpaka karibu na magharibi, ndipo akainua kiwiko cha pampu kukata dizeli. Mapigo yakakoma lakini magurudumu yakaendelea, mazito, bila sauti isipokuwa ya upepo wake. Mjukuu akaanza kuhesabu mizunguko. Alifika ishirini na kitu yalipoanza kuchoka. Gurudumu likapanda polepole, likaikuta hewa iliyobanwa mle ndani, likajaribu kuivuka. Likashindwa, likarudi nyuma nusu mzunguko, likasimama.